Abiria wa Mbele: Bajaji, Mkataba na Bei ya Usalama

Wiki chache zilizopita nilisafiri kwa bajaji kutoka Ngara mjini kwenda kuhani msiba katika kata ya Mugoma. Kiti cha nyuma tulikaa watatu: mimi, mama mmoja wa makamo aliyempakata mjukuu wake, na kijana aliyebana gunia la maharage kati ya magoti. Nikadhani tumetimia. Hatujafika mbali dereva akasimama, akampakia mtu kushoto kwake, na mbele kidogo akampakia mwingine kulia. Huyu wa kulia alikalia upande mmoja wa tako, nusu ya mwili ikiwa nje, na paja lake limebanana na mguu wa dereva, mguu uleule unaokanyaga breki.

Anayeijua Ngara anajua kwamba huko hakuna safari isiyo na mlima. Tulipoanza kuteremka, yule mama alisema kwa sauti ya chini, "Mwanangu, twende taratibu, nina mtoto." Dereva akajibu kwa adabu, "Sawa, mama," na kweli akapunguza mwendo, kwa muda wa kama dakika mbili hivi.

Tulipofika nilisubiri wenzangu washuke, kisha nikamuuliza: "Mdogo wangu, chombo hiki si cha abiria watatu?" Hakukasirika. "Mwalimu," alinijibu, "wale watatu wa nyuma ni wa bosi na wa petroli. Wa mbele ndio wangu."

Nimekaa katika semina nyingi za usalama barabarani, na sikumbuki mada iliyolieleza tatizo kwa maneno machache kiasi hicho. Ndiyo maana naandika makala haya. Hoja yangu ni kwamba usalama wa bajaji, kwa sehemu kubwa, hauamuliwi barabarani. Huamuliwa mezani, siku mkataba unapoandikwa, na mara nyingi huamuliwa na mtu ambaye hatakaa katika kiti chochote cha bajaji hiyo.

Lakini kwanza tukitazame chombo chenyewe, kwa sababu wengi wetu tunakijadili kama gari dogo lililopunguzwa gurudumu ili liwe nafuu. Historia yake inasema vinginevyo. Mwaka 1948, Italia ikiwa bado inajikongoja kutoka vitani, kampuni ya Piaggio ilitoa chombo kilichoitwa Ape, kazi ya mhandisi Corradino D'Ascanio, aliyekuwa ameibuni skuta ya Vespa miaka miwili kabla. Hakuchukua gari akaling'oa gurudumu. Alichukua skuta akaiongezea gurudumu nyuma na sehemu ya kubebea mizigo. Kampuni ya Bajaj ya India ilipopata leseni ya kutengeneza vyombo vya magurudumu mawili na matatu mwaka 1959, na kushirikiana na Piaggio, ni umbo hilo lililohamia Asia, na hatimaye kwetu, ambako jina la kampuni limekuwa jina la chombo. Usukani wa pikipiki uliomo ndani ya bajaji hadi leo ni alama ya ukoo huo.

Tofauti hii si ya kihistoria tu. Skuta iliyokua hubeba udhaifu wa skuta na matarajio ya gari. Chukua kalamu uchore pembetatu: ncha moja mbele, mbili nyuma. Hizo ndizo sehemu ambazo tairi hugusa ardhi. Chombo husimama madhali uzito wake unaangukia ndani ya pembetatu hiyo. Dereva akikata kona, uzito husukumwa nje, kuelekea mstari unaounganisha gurudumu la mbele na gurudumu la nyuma la upande wa nje. Akikata kona huku akikanyaga breki, uzito husukumwa nje na mbele kwa pamoja, yaani kuelekea sehemu ambayo pembetatu ni nyembamba kuliko kote. Kuteremka mlima kunaongeza msukumo huohuo wa mbele. Sasa waweke watu wawili ubavuni mwa dereva. Hujaongeza kilo mia na ushee tu, umeziweka mahali ambapo chombo kina msingi mwembamba kabisa, umeubana mkono wa dereva kwenye usukani na mguu wake kwenye breki. Abiria wa nne na wa tano hawaongezi hatari kwa kiasi kilekile walichoongeza wa kwanza, wa pili na wa tatu. Wanaibadili tabia ya chombo.

Inawezekana kutengeneza cha miguu mitatu kilicho imara zaidi? Inawezekana. Ukiigeuza pembetatu, magurudumu mawili yakawa mbele, breki kwenye kona haitishi tena namna hiyo. Piaggio wenyewe walitoa skuta ya aina hiyo, MP3, mwaka 2006, kwa wateja wa miji ya Ulaya wenye uwezo wa kuilipia. Inawezekana pia kuongeza gurudumu la nne, paa la chuma, milango na mikanda. Bajaj walifanya hivyo kwa chombo chao kiitwacho Qute. Kilipopimwa na taasisi ya Ulaya ya kupima usalama wa magari, Euro NCAP, mwaka 2016, kilipata nyota moja tu. Nalitaja hilo si kwa kukibeza chombo hicho, ambacho bila shaka ni afadhali kuliko kiti kilicho wazi, bali kuonyesha kwamba njia kutoka skuta hadi gari ni ndefu, na kila hatua yake ina bei.

Bei hiyo mtu wa Mugoma hawezi kuisahau hata dakika moja. Na hapa natofautiana na baadhi ya wanaharakati wenzangu wanaodai bajaji ziondolewe vijijini hadi ziwe salama kama gari. Mizani yao ni mibaya. Yule mama mwenye mjukuu hakuwa akichagua kati ya bajaji na gari lenye mikanda. Alikuwa akichagua kati ya bajaji na kukaa wa pili au wa tatu katika mshikaki wa bodaboda, mtoto akiwa mgongoni, kwenye mteremko uleule na vumbi lilelile. Chombo chenye paa, kiti cha kuegemea na magurudumu matatu kinachokwenda polepole kikiwa na watu watatu ni ahueni kubwa kwake. Ukikipandisha bei mara mbili kwa jina la usalama, utakuwa umemrudisha kwenye mshikaki.

Kwa bahati mbaya takwimu hazitusaidii kulipima jambo hili ipasavyo. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 inakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, na kwamba asilimia 21 ya vifo hivyo ni vya watumiaji wa vyombo vya moto vya magurudumu mawili na matatu. Mawili na matatu, kapu moja. Sisi nasi tumezoea kusema "bodaboda na bajaji" kana kwamba ni neno moja, na kanuni za leseni za usafirishaji za mwaka 2010, zilizotungwa enzi za SUMATRA kabla LATRA haijaichukua kazi hiyo mwaka 2019, ziliviweka vyombo hivi viwili pamoja. Mwanafunzi wangu yeyote anayetafuta mada ya tasnifu namkabidhi hii bure: vitenganisheni. Pikipiki huua zaidi kwa kuangusha kichwa chini, na tiba yake ya kwanza ni kofia ngumu. Bajaji hupinduka, hugongwa ubavuni na humwaga watu. Kofia si tiba yake.

Mjadala wa gharama na usalama katika chombo cha miguu mitatu si mgeni katika siasa zetu. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka mwaka wa uchaguzi wa 2010, serikali ya Rais Jakaya Kikwete ilipotangaza kwamba pikipiki za miguu mitatu zipatazo 400 zingenunuliwa ziwe za kubebea wajawazito vijijini. Wapinzani walicheka, na mitaani watu walitania: mjamzito na bajaji! Nilicheka pia, nakiri. Leo sina hakika kama tulikuwa tunacheka jambo sahihi. Swali la kuuliza halikuwa kama bajaji ni duni kuliko gari la wagonjwa, kwa kuwa jibu lilijulikana. Swali lilikuwa: kwenye barabara ipi, kwa mwendo upi, kwa matengenezo ya nani, na ikilinganishwa na machela ya kubebwa mabegani kwa saa ngapi? Mpango wa m-mama uliopanuliwa kitaifa tangu 2022 umelijibu swali hilo kwa njia nyingine. Anayepiga namba 115 hapigi kwa gharama yake, na pale ambapo gari la wagonjwa halipatikani, dereva wa jamii aliyesajiliwa hutumwa na kulipwa kwa safari hiyo. Angalia anacholipwa: safari. Hahitaji abiria wa mbele ili safari imlipe. Mfumo wa malipo umebadilika, na pamoja nao umebadilika mwenendo.

Turudi basi kwenye jibu la yule kijana, tulifanyie hesabu. Tarakimu nitakazotumia ni za mfano, ila hazipishani sana na zile zinazosikika vijiweni. Tuseme bajaji imenunuliwa kwa shilingi milioni 9, na tajiri amempa dereva kwa mkataba wa shilingi 25,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, kwa miezi 18, kisha chombo kiwe cha dereva. Jumla tajiri atapokea milioni 11 na laki 7. Tuseme nauli ni shilingi 2,000 kwa mtu, safari ni sita kwa siku, na petroli hula 1,500 kwa kila safari. Dereva akipakia watatu, kama sheria itakavyo, atakusanya 36,000. Ondoa petroli 9,000, ondoa hesabu ya bosi 25,000. Anabaki na shilingi 2,000, na hapo breki shuu hazijaisha, tairi halijapasuka, wala hajala.

Akipakia watano atakusanya 60,000, na baada ya makato yaleyale atabaki na 26,000.

Kijana yule hakuwa akitania wala kujitetea. Alikuwa akisoma daftari. Mkataba wa namna hii umeandikwa juu ya abiria watano ingawa hauwataji popote. Trafiki akimkamata, anamtoza faini mtu ambaye uvunjaji wa sheria ndio ujira wake. Mwaka 2021 bajeti ya serikali ilipunguza faini za makosa ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000, na wakati ule wapo waliosema usalama umeuzwa kwa kura. Mimi niliuona uamuzi ule kuwa wa haki kwa dereva lakini usio na uhusiano na ugonjwa. Faini ya 30,000 ilimfanya apakie wa sita kuifidia. Ya 10,000 inaingia katika gharama za siku, kama petroli.

Sasa tubadilishe kitu kimoja tu katika mfano wetu. Bei ya bajaji ileile, jumla ya tajiri ileile ya milioni 11 na laki 7, lakini muda uwe miezi 30 badala ya 18. Hesabu ya siku inashuka hadi 15,000. Dereva anayepakia watatu anabaki na 12,000. Si utajiri, ila ni ujira wa mtu anayeweza kukataa abiria wa nne na bado akarudi nyumbani na unga. Nauli ikipanda kwa shilingi 500 matokeo yanakaribiana: anabaki na 11,000 hata kwa mkataba wa zamani, lakini hapo mzigo umehamia kwa yule mama. Kila njia ina mlipaji wake. Kinachonisikitisha ni kwamba katika mpangilio wa sasa mlipaji ni mwili wa abiria na wa dereva, na malipo hayo hayaandikwi popote.

Najua tajiri naye atanijibu kwamba fedha yake iko hatarini: chombo huibwa, dereva deiwaka hutoroka na hesabu, na bajaji ya miezi 30 kwenye barabara zetu si bajaji tena. Hoja hiyo ina uzito, hasa ya mwisho. Lakini bajaji inayobeba watano kwenye milima ya Ngara ndiyo inayochakaa ndani ya miezi 18. Mzigo unaomlipa haraka ndio unaokula fremu, beringi na breki za mali yake mwenyewe.

Wapo wanaoamini kwamba dawa ni kupiga marufuku. Ng'ambo ya mpaka tulionao Kabanga tumeona mfano: Machi 2022 serikali ya Burundi iliziondoa baiskeli, pikipiki na bajaji katika sehemu kubwa ya jiji la Bujumbura, kwa sababu za usalama. Wananchi wakabaki kwenye foleni za mabasi yasiyotosha, wengine wakatembea kwa miguu. Ng'ambo ya Rusumo kuna mfano mwingine. Rwanda pikipiki hubeba abiria mmoja, na wote wawili huvaa kofia. Husemwa kwamba ni ukali wa polisi. Ukali upo, lakini usisahau kwamba mahali ambapo hakuna anayetarajia abiria wawili, nauli na hesabu zote hukokotolewa kwa mmoja.

Kuhusu vifaa vya usalama vyenyewe sitachukua nafasi kubwa, kwa kuwa vile vinavyofaa ni vichache na si ghali. Bomba la chuma linaloziba uwazi wa upande wa kulia, ambao kwetu ndio unaoelekea katikati ya barabara, ni kazi ya fundi wa kuchomelea ya nusu siku, na nchini India ni jambo la kawaida. Stika za kuakisi mwanga nyuma na ubavuni ni lazima kwa chombo kinachotokea barabara kuu ya Lusahunga hadi Rusumo usiku, ambako kinakutana na malori yanayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo. Breki na tairi zisiwe vipara. Mikanda ya kiti? Naiweka nyuma kidogo, kwani mkanda unahitaji mwili wa chombo unaoweza kuushikilia, na kuufunga kwenye bomba jembamba ni kujifariji. Hilo ni la kudaiwa kiwandani kupitia viwango vya TBS, na linawezekana: tangu Aprili 2019 sheria ya India inazitaka pikipiki mpya kuwa na mfumo wa kuzuia tairi lisigande au wa kuunganisha breki za mbele na nyuma, kutegemea ukubwa wa injini, na viwanda vilevile vinavyotuuzia vimetii. Kiwanda hutii soko linalodai.

Lakini kifaa cha kwanza, kinachoshinda vyote nilivyovitaja, ni nafasi tupu pembeni ya dereva. Hakina bei dukani. Bei yake imo kwenye mkataba.

Na hapa ndipo watumishi wa halmashauri wanaposoma makala haya wanihusu zaidi. Chini ya kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 baada ya kasoro kubwa kubainika, ikarejeshwa mwaka uliofuata. Vikundi vingi vya vijana huomba bodaboda na bajaji. Maana yake ni kwamba serikali yenyewe, katika Ngara, Biharamulo na kwingineko, ni mmoja wa matajiri wa bajaji. Ndiye tajiri pekee asiyelazimika kurudishiwa milioni 11 na laki 7. Akirudishiwa milioni 9 zake kwa miezi 30, hesabu ya siku ni kama shilingi 11,500. Dereva aliyepakia watatu, kwa nauli ileile, anabaki na zaidi ya 15,000.

Tajiri wa namna hii anaweza kuweka masharti ambayo mfanyabiashara hawezi: bomba la kulia na stika ziwemo katika bei ya ununuzi, ukaguzi wa breki kila robo mwaka, na marejesho yanayovumilia mwezi wa mvua. Sijui kama afisa maendeleo ya jamii anayeandaa makadirio ya kikundi huwa anajiuliza safari zile zitabeba watu wangapi. Ningependa fomu ya maombi iwe na mstari mmoja wa kujazwa kabla ya sahihi ya kwanza: marejesho haya ya kila siku yamekokotolewa kwa abiria wangapi? Kikiandikwa kitu kingine zaidi ya watatu, mkopo usitoke hadi muda urefushwe.

Siku ya kurudi kutoka Mugoma nilimpigia kijana yuleyule, nikamwambia nitalipia nafasi mbili za mbele ziende tupu. Alicheka, akakubali. Tuliteremka na kupanda bila kubanana, naye akaendesha polepole njia nzima akinionyesha mashamba ya kahawa na kunieleza kwamba amebakiza miezi saba bajaji iwe yake. Nilimuuliza akishaimiliki atapakia wangapi. Alifikiri kwanza, kisha akasema itategemea kama ile ya pili ataipata kwa mkopo wa halmashauri au kwa bosi.